Meza ya Waonja Moshi

"Moyo mzuri," alisema daktari wa uchunguzi wa maiti, akivua glavu. "Ningekuwa nauza mioyo, huu ningeuweka dirishani."

"Mwenye moyo mzuri ameanguka kutoka kwenye kiti akafa," alisema Inspekta. "Na hajafika hata miaka thelathini."

"Ndiyo. Mishipa misafi, vali zinafunga, hakuna damu iliyoganda, hakuna kovu. Sumu nilizopima hazimo. Pombe hamna. Mapafu tu yana wekundu, kama ya mtu anayeishi kwenye moshi."

"Ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya."

"Basi kilichobaki ni umeme." Daktari aligonga meza ya chuma kwa kidole, taratibu na kwa mfuatano sawa, kisha akaacha. "Moyo hupigishwa na umeme wake wenyewe. Umeme ukivurugika, moyo unatetemeka badala ya kupiga, na mtu anaondoka kabla hajaomba maji. Ukimpasua hukuti kitu. Umeme hauachi majivu."

"Utaandika nini?"

"Chanzo hakijajulikana. Mkuu wako kanipigia simu, anataka niandike kifo cha kawaida."

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia kawaida ni kufa ukiwa na wajukuu."

Kituoni walimwita Inspekta Msumari. Maelezo yao yalikuwa kwamba akishapigwa kwenye ubao, ukitaka kumng'oa lazima uharibu ubao. Yeye hakulipenda jina hilo wala hakulikataa. Alilichukulia kama maelezo ya kazi.

Mkuu wa upelelezi alimpokea akiwa amesimama, ishara kwamba mazungumzo yangekuwa mafupi.

"Marehemu alikuwa mwonjaji katika kiwanda cha vimiminika vya sigara za kielektroniki," alisema Mkuu. "Alianguka kifaa kikiwa mkononi. Tuna kifaa, tuna chupa aliyokuwa akiionja. Maabara imepima chupa. Hakuna sumu, hakuna hata nikotini. Ladha tu. Mdalasini na vanila. Vitu vya kutia kwenye keki. Unachunguza nini?"

"Kwa nini keki imeua."

"Haijaua. Mwanasheria wa kiwanda ameleta maelezo. Baba wa marehemu naye alikufa ghafla. Ni moyo wa ukoo. Kiwanda kimefikia hatua ya kugharamia kipimo cha moyo cha mdogo wake wa kike, ili jambo lieleweke na familia itulie."

"Huo wema umeanza lini?"

"Msumari." Mkuu alishusha sauti. "Unajua yanayompata asiyesikia la mkuu."

"Huvunjika guu. Ninayo mawili, Mkuu. Nipe mpaka kesho."

"Mpaka kesho. Kisha jalada linafungwa, uwe na miguu au usiwe nayo."

*

Chumba cha kuonjea kilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya mlango wenye mpira pembeni ili harufu isitoke. Ndani mlikuwa na meza moja nyeupe, ndefu, na viti vya magurudumu upande mmoja tu, kama vya watu wanaotazama sinema. Mbele ya kila kiti palikuwa na bilauri ya maji, kitambaa, na safu ya vichupa vyenye namba badala ya majina. Juu ya meza feni ya kutolea hewa ilizunguka kwa kelele nyingi na kazi kidogo. Chumba kilinuka embe, halafu mdalasini, halafu kitu kilichoungua.

Kwenye kiti cha marehemu alikaa msichana mwembamba mwenye nywele fupi.

"Wewe ndiye mdogo wake," alisema Inspekta.

"Ndimi."

"Wamekuajiri lini?"

"Siku tuliyotoka makaburini. Bosi alisema ulimi ni wa damu moja. Kaka walimwita Ulimi, kwa hiyo mimi ni Ulimi Mdogo." Hakutabasamu. "Usinitazame hivyo, afande. Si kwamba sina akili. Nimekaa hapa kwa sababu aliyemuua kaka yangu yuko kwenye meza hii."

Mwanamume aliyekaa kiti cha pili alicheka kwa pua. Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi, na wenzake walimwita Profesa.

"Anamaanisha mimi," alisema. "Kila asubuhi ananisalimia hivyo. Mdogo wangu, chai kwanza basi."

"Mimi si mdogo wako. Ulikitaka kiti chake."

"Nilikitaka. Sasa umekikalia wewe. Nimeua bure?"

Inspekta alivuta kiti, akakaa kati yao. "Profesa, kuna aliyekuona ukibadilisha chupa ya marehemu asubuhi ile."

Kicheko kilikwisha. Profesa aliitazama mikono yake.

"Nilibadilisha," alisema. "Nilichukua yake nikampa yangu."

"Unaona!" Msichana alisimama. "Si nilisema?"

"Kaa," alisema Inspekta bila kumtazama. "Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi nilikuwa nimepangiwa mtihani wa moto, na sikuutaka. Ulimi hakukataa kazi. Ukimwambia siwezi, anasema lete."

"Mtihani wa moto ni nini?"

Profesa alinyoosha mkono akachukua kifaa chake, kirefu kama tochi ndogo. "Mvutaji wa mtaani haridhiki na moshi mdogo. Anapandisha moto mpaka mwisho, moshi uwe wingu. Sasa ladha nyingi zikipigwa moto huo zinavunjika, zinakuwa kama plastiki iliyoungua. Kwa hiyo kabla ladha haijatoka kiwandani inaonjwa kwenye moto wa juu kabisa. Ikibaki tamu, imepita. Ikivunjika, tunaongeza mdalasini, tunaonja tena. Unavuta, unashusha mpaka kifuani, unahesabu, unatoa kwa pua. Halafu tena, mpaka bosi aridhike."

"Nawe unafanya hivyo kila siku, na mzima."

Profesa alikirudisha kifaa mezani. Wenzake wawili mwishoni mwa meza waligeuza shingo kumsikiliza.

"Sema," alisema Inspekta. "Mficha uchi hazai."

"Simezi," alisema Profesa kwa sauti ya chini. "Nashika mdomoni, natoa puani. Miaka yote. Bosi anaona moshi, anadhani umetoka kifuani. Ulimi alikuwa akinicheka, anasema huwezi kuijua ladha kwa kuibusu tu. Yeye alimeza kila kitu."

Msichana alikaa polepole.

Mdomoni, Inspekta alifikiri, anaishi. Kifuani, amekufa. Ladha ni zilezile. Sumu kwenye chupa ingewapata wote wawili, mmoja zaidi ya mwingine. Tofauti haikuwa kwenye chupa.

Alitoa mfuko wa ushahidi kwenye mkoba, akauweka mezani. Ndani mlikuwa na kifaa kilichokabidhiwa polisi siku ya kifo. "Hiki ndicho alichokuwa nacho mkononi?"

Profesa alikiinua kwenye mwanga. Kisha alianza kucheka tena, safari hii kwa mshangao wa kweli, akampasia jirani yake, naye akacheka.

"Afande, hiki hakijaonja hata maji."

"Eleza."

"Tazama pamba ya ndani inayonyonya kimiminika. Nyeupe kama sanda. Mwonjaji haonji na kifaa kipya. Pamba mpya ina ladha ya nguo, inaharibu kila kitu. Kifaa kinazoeshwa wiki nzima kabla hujakiamini, na ukishakizoesha humpi mtu, hukitupi, hukiazimishi. Mwavuli wa mke wako unaweza kuuazimisha. Kifaa, hapana. Ulimi kufa na hiki mkononi ni sawa na mpishi kufa ameshika sufuria ya dukani yenye karatasi ya bei."

"Nani alifika wa kwanza alipoanguka?"

"Bosi. Alitutoa wote nje kabla gari la wagonjwa halijafika. Alisema tunamzuia kupata hewa."

Inspekta alimgeukia msichana. Msichana alikuwa ametulia kabisa, mkono wake ukiwa juu ya kifaa kilichokuwa mbele yake. Kilikuwa cheusi kwa matumizi, rangi imebanduka mahali pa kidole gumba.

"Hicho umekipata wapi?"

"Bosi alinipa siku ya kwanza." Sauti yake ilikuwa kavu. "Alisema, chukua hiki, kimeshazoea."

Profesa alivua miwani. "Ni chake," alisema. "Nakijua. Ni cha Ulimi."

Ndipo Inspekta alipoielewa akili ya Mkurugenzi, huyo waliyemwita Bosi. Kabla hajawa mwenye kiwanda alikuwa mwonjaji, na mwonjaji alibaki. Aliweza kuficha ushahidi wa kifo cha mtu. Kutupa kifaa kilichozoea hakuweza.

Inspekta alivaa glavu, akakichukua. Kitufe cha moto kilikuwa kimesukumwa hadi mwisho na kuzibwa na gundi kisirudi. Pamba ndani ilikuwa ya kahawia, kingo zake zikiwa mkaa.

"Umekivuta tangu lini hivi?"

"Tangu siku hiyo, kila siku."

"Unameza?"

"Mimi ni Ulimi Mdogo," alisema msichana. "Unadhani?"

*

Mtaalamu wa maabara alikiri kwenye simu bila kubishana sana. Walipima walicholetewa, nacho kilikuwa kimiminika baridi ndani ya chupa. Hakuna aliyewaambia wapime moshi.

"Mtu aliyekufa hakunywa chupa," alisema Inspekta. "Nakutumia kifaa chenyewe. Kiwashe kwenye moto huohuo, ukamate kinachotoka, ukipime."

Kutoka hapo alikwenda kliniki ya moyo na msichana. Ilikuwa siku ya majibu. Kwa muda wa mchana mmoja na usiku wake msichana alikuwa amevaa kifuani kipimo kidogo kinachorekodi kila pigo la moyo, kile ambacho kiwanda kilikuwa kimekigharamia ili kuthibitisha habari ya ukoo.

"Baba yako alikufa ghafla?" aliuliza daktari wa moyo, mama wa makamo aliyevaa ndara ndani ya chumba chake.

"Ghafla, ndiyo. Alianguka kutoka juu ya paa akitengeneza bati. Moyo wake ulisimama alipofika chini."

Daktari alimtazama Inspekta, kisha akaandika kitu. "Hilo mwanasheria hakulitaja." Aligeuza kioo cha kompyuta ili wote waone. Mstari wa kijani ulipita, milima midogo iliyofanana. "Hapa umelala. Safi. Hapa unapanda ngazi, moyo unakwenda mbio kama inavyotakiwa, halafu unatulia. Safi. Hapa ulikuwa ukigombana na mtu, nadhani."

"Profesa," alisema msichana.

"Safi pia. Moyo wako unajua kugombana." Daktari alisogeza picha. "Sasa hapa."

Milima ilibanana, ikapotea, ikarudi miwili miwili, mipana, kama meno ya msumeno uliopinda. Ikatulia. Kisha ikavurugika tena.

"Hii ni asubuhi," alisema daktari. "Ulikuwa wapi?"

"Kazini. Niliomba siku moja nikae nyumbani na kipimo, Bosi akakataa. Akasema kipimo hakina miguu, kitanifuata. Hapo tulikuwa kwenye mtihani wa moto. Na hapo tena. Na hapo, ilikuwa ladha ileile imerudishwa."

"Simamisha picha hapo," alisema Inspekta. Alisogeza kiti karibu na kioo. "Daktari, moyo mbovu wa ukoo unaweza kuchagua saa za kazi?"

"Yapo magonjwa ya umeme wa moyo ambayo hujificha na kuamka kwa kichocheo. Sitasema haiwezekani. Lakini yangeacha alama zake hata akiwa ametulia, na nimezitafuta. Hazipo."

"Moshi wa ladha, usio na nikotini, unaweza kufanya hivi?"

Daktari alikunja mikono. "Nitakuambia ninachojua, usiniongezee. Nikotini inajulikana, inapandisha mapigo, inabana mishipa. Ladha watu walizidharau, kwa kuwa zinaliwa. Lakini tumbo si pafu. Cha kuliwa kinapita kwenye ini kwanza. Cha kuvutwa kinaingia kwenye damu kikiwa hivyohivyo na kinafika kwenye moyo mara moja. Na kimiminika kikichomwa kinageuka, kinazaa vitu ambavyo havikuwamo kwenye chupa. Kuna tafiti za maabara, za seli na za panya, ambamo moshi wa baadhi ya ladha ulivuruga umeme wa moyo. Mdalasini na vanila ni miongoni mwa zinazotiliwa shaka. Kwa binadamu ushahidi bado unakusanywa."

"Hili hapa ni ushahidi?"

"Ni mtu mmoja, siku moja. Halithibitishi. Linaelekeza." Alimgeukia msichana. "Nawe nakuelekeza vilevile. Usivute tena. Si kesho, leo."

"Na usiponitisha, utasemaje?" aliuliza msichana.

"Nimeshapunguza, mwanangu."

Simu ya Inspekta iliita walipofika barabarani. Alikuwa mtaalamu wa maabara, naye hakuanza hata kwa salamu. Moshi wa kifaa kile ulikuwa na vitu ambavyo chupa haikuwa navyo, baadhi vikali mno, na kwenye moto uliozibwa kwa gundi vilikuwa vimezidi kwa mbali vilivyokuwepo kwenye moto ulioandikwa kwenye pakiti. Angetia saini na kupeleka nakala kwa Mkuu mara moja.

"Nakurudisha nyumbani," alisema Inspekta.

"Hapana. Narudi kazini."

"Umemsikia daktari."

"Nimemsikia vizuri sana. Nisiporudi, kesho atamkalisha mwingine. Sirudi kuvuta, afande. Ila nina maneno na yule mtu, na sitayatuma kwa simu."

*

Mkurugenzi alikuwa ndani ya chumba cha kuonjea, mikono mifukoni, mwili mzima ukinukia manukato mazuri. Waonjaji walikuwa vitini. Vifaa vilikuwa vimewashwa.

"Zimeni," alisema Inspekta.

"Endeleeni," alisema Mkurugenzi.

Profesa alizima chake. Wengine waliangalia huku na huku kama watu waliokuta njia panda.

"Inspekta, hiki ni kiwanda halali," alisema Mkurugenzi. "Umepima chupa yangu, umeikuta safi. Mnataka nini tena?" Alichukua kichupa mezani, akafungua, akadondoshea ulimini, akameza, akalamba mdomo. "Mdalasini. Kinaliwa! Nimeanza kuonja kabla mtoto huyu hajaota meno, na moyo wangu huu hapa."

"Hukukipasha moto," alisema Inspekta.

"Nini?"

"Umekula kikiwa baridi. Hakuna anayebisha kuhusu keki. Ulimi hakula. Alivuta, kwenye moto ulioufunga wewe kwa gundi, mkali kuliko kile kipimo ulichokiandika kwenye pakiti. Alipokufa ulikitoa kifaa chake mkononi, ukamwekea kipya. Hapo ulisahau kazi yako ya zamani. Waulize hawa kama kuna mmoja wao angeamini kwamba Ulimi alikuwa akionja na pamba mpya."

Hakuna aliyeulizwa, ila mwonjaji wa mwisho kabisa alitikisa kichwa.

"Kifaa kile ni mali ya kiwanda," alisema Mkurugenzi. "Nilikihifadhi."

"Ulimkabidhi mdogo wake akivute."

 Mkurugenzi alitoa simu, akabonyeza, akaongea maneno machache akiwa amewapa mgongo. Kisha akamnyooshea Inspekta simu hiyo, kwa adabu, kama mtu anayempa mgeni maji. "Mkuu wako."

"Ondoka hapo," ilisema sauti ya Mkuu. "Jalada limefungwa."

"Halijafungwa, Mkuu. Kuna ushahidi uliobadilishwa na aliyeubadilisha amesimama mbele yangu. Nazuia chumba hiki na kila kifaa kilichomo. Sheria inanipa ruhusa hiyo mpaka niondolewe kwenye jalada kwa maandishi."

"Nakuondoa sasa hivi."

"Kwa maandishi. Jina, cheo na sababu. Andika kwamba unaamuru chumba kiendelee kuvuta wakati majibu ya maabara yako mezani kwako. Nitabandika hapa mlangoni, kila mwonjaji aisome kabla hajakaa."

Ulisikika mlio wa simu kukatwa. 

Inspekta aliirudisha simu kwa mwenyewe. "Amekata," alisema. Alianza kukusanya vifaa kimoja kimoja na kuvitia kwenye mifuko. "Usitoke jengoni. Gari linakuja kukuchukua ukatoe maelezo."

"Utajuta," alisema Mkurugenzi. "Hujui unagusa nani. Na wewe," alimgeukia msichana, "nimekupa kazi wakati mnamlilia marehemu. Hiyo ndiyo shukrani? Rudi kwenye kiti chako."

Msichana alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha kaka yake, mikono juu ya mgongo wa kiti. Alikuwa akipumua kwa tabu kidogo, na Inspekta alimwona akitia vidole shingoni, akitafuta mapigo, akiyapata.

"Yatarudi sawa?" alimuuliza Inspekta, kana kwamba Mkurugenzi hayupo.

"Daktari anasema mara nyingi hutulia mtu akiacha. Hakusema lazima."

"Sawa." Alitoa mkono shingoni. Kisha alikisukuma kiti kwa nguvu zake zote. Magurudumu yalilia kwenye sakafu, kiti kikavuka chumba, kikagonga magoti ya Mkurugenzi na kusimama hapo.

"Ni chako, Bosi," alisema. "Kaa. Washa. Meza."

Mkurugenzi hakukaa. Profesa alisimama, na baada yake wenzake wakasimama, mmoja mmoja, wakatoka nyuma ya msichana bila kukigusa kiti.